Edsger Dijkstra, Mholanzi Aliyeitafuta Njia Iliyo Fupi

Askari aliyepata kutumwa kupeleka ujumbe anajua kwamba ujumbe uliochelewa hauna tofauti kubwa na ujumbe uliopotea. Daraja limevunjika, mto umefurika, kikosi kilicho mbele hakina habari, na amri iliyoandikwa kwa hekima yote katika makao makuu inabaki kuwa karatasi tu mkononi mwa tarishi. Tangu zamani majeshi yamejaribu kulishinda jambo hili kwa ngoma, kwa moshi, kwa bendera, kwa waya na kwa simu za upepo. Katika zama zetu za kompyuta kazi hiyo hiyo hufanywa na vyombo viitwavyo swichi na ruta, ambavyo huwekwa katika ofisi, viwanda, hospitali na kambi, na ambavyo huamua vyenyewe, kufumba na kufumbua, ujumbe upite wapi na usipite wapi.

Hesabu inayoviongoza vingi vya vyombo hivyo haikubuniwa na mwanajeshi wala na fundi wa simu. Ilibuniwa mwaka 1956 na kijana wa Kiholanzi mwenye umri wa miaka 26, naye aliibuni bila kalamu wala karatasi. Jina lake ni Edsger Wybe Dijkstra, ambalo kwa matamshi ya kwao hukaribia Daikstra. Maisha yake yafaa yajulikane na kila mtu ambaye kazi yake hutegemea habari kufika salama, kwa sababu yanafunza kwamba usalama wa mawasiliano hautoki katika nguvu ya mitambo peke yake, bali hutoka katika fikra iliyonyooka na katika taarifa ya kweli.

Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei, 1930, katika mji wa bandari wa Rotterdam, nchini Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia na mama yake alikuwa mwanahisabati. Mtoto alikua katika nyumba ambamo elimu ilikuwa mazungumzo ya kila siku, na kutoka kwa mama yake alirithi mapenzi ya jawabu lililo fupi na safi. Lakini utoto huo haukuwa wa raha tupu. Tarehe 14 Mei, 1940, siku tatu tu baada ya yeye kutimiza miaka 10, ndege za Ujerumani ziliupiga mji wa Rotterdam kwa mabomu na kuuteketeza moyo wa mji huo. Uholanzi ikasalimu amri, na Waholanzi wakaishi chini ya utawala wa kigeni kwa muda wa miaka 5.

Vita vilipokwisha, kijana huyo alifikiria kusoma sheria, akiwa na matumaini kwamba siku moja angeiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Hata hivyo alama zake katika masomo ya sayansi zilikuwa za juu sana, hivyo alipomaliza shule mwaka 1948 aliingia Chuo Kikuu cha Leiden kujifunza fizikia. Mwaka 1951 alikwenda Cambridge, Uingereza, kuhudhuria mafunzo ya majuma machache kuhusu kuziandalia programu mashine za kukokotoa, ambazo siku hizo zilikuwa chache sana duniani. Mafunzo hayo mafupi yaligeuza maisha yake. Mwezi Machi 1952 aliajiriwa katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, akawa mtu wa kwanza nchini mwake kupewa rasmi kazi ya kutunga programu.

Kazi hiyo ilikuwa ngeni kiasi kwamba serikali yenyewe haikuitambua. Mwaka 1957, alipofunga ndoa na Ria Debets, ambaye naye alikuwa mfanyakazi wa Kituo hicho, sheria ilimtaka bwana harusi aeleze kazi yake. Dijkstra alisema kwamba yeye ni mtunga programu. Maofisa wa mji wa Amsterdam walikataa kuandika jambo hilo, kwa hoja kwamba kazi ya namna hiyo haipo. Ikabidi aandikwe kuwa mwanafizikia.

Mwaka mmoja kabla ya ndoa hiyo ndipo ilipozaliwa hesabu iliyomfanya ajulikane. Kituo cha Hisabati kilikuwa kimekamilisha mashine mpya iliyoitwa ARMAC, na wakubwa walitaka ionyeshwe mbele ya wageni wasiokuwa wanahisabati. Ilihitajika kazi ambayo kila mgeni angeweza kuielewa, pamoja na jawabu lake. Dijkstra alichagua swali ambalo hata dereva wa lori hujiuliza: ni ipi njia iliyo fupi kutoka mji huu hadi mji ule? Aliandaa ramani iliyorahisishwa yenye miji 64 ya Uholanzi. Asubuhi moja alikuwa akinunua vitu mjini Amsterdam pamoja na mchumba wake. Walipochoka, waliketi nje ya mkahawa kunywa kahawa. Pale, kwa muda wa dakika kama 20, aliipata njia ya kulijibu swali hilo kichwani mwake. Yeye mwenyewe aliamini baadaye kwamba kukosa karatasi kulimsaidia, kwa sababu kulimlazimisha kuacha kila jambo la ziada.

Tuitazame hesabu hiyo kwa mfano wa kiaskari. Kambi iko mahali tupaite A. Kutoka A hadi kituo cha B ni mwendo wa saa 4, na kutoka A hadi C ni saa 1. Kutoka C hadi B ni saa 2. Kituo cha mwisho ni D: kutoka B hadi D ni saa 5, na kutoka C hadi D ni saa 8. Tarishi yuko A na anatakiwa kufika D. Kwa vituo 4 mtu aweza kuzijaribu njia zote moja baada ya nyingine. Kwa miji 64 njia ni nyingi mno, na kuzihesabu zote ni kazi isiyo na mwisho.

Dijkstra alielekeza hivi. Anzia pale ulipo, kisha tafuta kituo kilicho karibu kuliko vingine vyote. Katika mfano wetu ni C, kwa saa 1. Hapana njia nyingine iwezayo kukufikisha C mapema zaidi, kwa kuwa kila njia nyingine itokayo A huanza kwa mwendo mrefu kuliko huo. Basi C imethibitishwa na haiguswi tena. Sasa simama C utazame mbele. B kwa kupitia C ni saa 3, pungufu ya zile 4 za barabara ya moja kwa moja, kwa hiyo futa 4 uandike 3. D kwa kupitia C ni saa 9. Kituo kilicho karibu kati ya vilivyobaki ni B, nacho kinathibitishwa kwa saa 3. Kutoka B, mwendo wa kufika D ni saa 8 kwa jumla, hivyo futa 9 uandike 8. Kazi imekwisha. Tarishi atapita C, kisha B, kisha D, na barabara iliyoonekana kunyooka imeshindwa na ile yenye kona. Kila hatua huthibitisha kituo kimoja, na kilichokwisha kuthibitishwa hakirudiwi.

Jambo hili lilichapishwa mwaka 1959 katika jarida la hisabati lililokuwa likitoa juzuu yake ya kwanza. Makala yenyewe ilikuwa ya kurasa 3 tu. Haikutaja vita, simu wala mitandao, kwani wakati huo mitandao ya kompyuta haikuwapo. Hesabu ikakaa hapo kama silaha iliyopakwa mafuta na kuwekwa ghalani, ikingoja siku yake.

Siku hiyo ilifika baada ya miaka 20. Mwaka 1969 Marekani ilianzisha mtandao ulioitwa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, ili kuziunganisha kompyuta zilizokuwa mbali mbali. Katika mtandao huo ujumbe ulikatwa vipande vidogo, na kila kipande kilipitishwa kutoka kituo hadi kituo. Hapo mwanzo, vituo vilichagua njia kwa kuulizana na majirani tu. Kila kituo kilimwambia jirani yake jinsi kinavyodhani kiko mbali na kila mahali, naye jirani aliyapokea maneno hayo, akaongeza mwendo wake, akayapeleka mbele. Kwa lugha ya kawaida, zilikuwa habari za kusikia. Barabara ilipokatika, yawezekana kituo cha kwanza kilidhani kwamba cha pili kina njia nyingine, na cha pili kilidhani hivyo hivyo juu ya cha kwanza. Ujumbe ukawa unarushwa huku na huku baina ya wawili hao, huku kila mmoja akimwamini mwenzake.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1979 wahandisi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman, akiwamo John McQuillan, waliubadili utaratibu. Katika utaratibu mpya kituo hakisemi kinavyodhani juu ya mahali pa mbali. Husema tu kile kinachokiona chenyewe, yaani viungo vyake na majirani zake wa karibu, na hali ya kila kiungo. Taarifa hiyo fupi hupelekwa kwa vituo vyote bila kubadilishwa na yeyote. Kila kituo hukusanya taarifa za wenzake wote, huchora ramani nzima ya mtandao, kisha hujiweka katikati ya ramani na kuifanya ile hesabu ya Dijkstra. Kwa kuwa ramani ni moja na hesabu ni moja, maamuzi ya vituo vyote hukubaliana, ijapokuwa hapana jemadari mmoja anayetoa amri. Utaratibu huu wataalamu huuita uelekezaji kwa hali ya viungo.

Lakini utaratibu unaotegemea taarifa huwa mzuri sawa na taarifa zenyewe. Tarehe 27 Oktoba, 1980, mtandao wa ARPANET ulizimika karibu wote kwa muda wa takriban saa 4. Hapakuwa na adui wala bomu. Kila taarifa ilipewa namba ya mfuatano ili vituo vijue ipi ni mpya na ipi ni ya zamani. Namba hizo zilikuwa 64, kutoka 0 hadi 63, kisha zikarudi mwanzo kama namba za saa ya ukutani. Siku ile chombo kibovu kiliiharibu taarifa moja, zikatokea tatu zenye namba 8, 40 na 44. Kwa kanuni ya mzunguko, 40 ilionekana mpya kuliko 8, na 44 mpya kuliko 40, lakini 8 nayo ilionekana mpya kuliko 44. Kila kituo kilipopokea moja kilitupa nyingine na kuisambaza ile mpya, na mpya hiyo ikaondolewa na inayofuata, bila kikomo. Vituo vilishughulika na taarifa hizo tatu hata vikakosa nafasi ya kufanya kazi nyingine. Haukuweza kujiponya wenyewe, hata ikawalazimu mafundi kuvipa vituo programu iliyorekebishwa ili vizipuuze taarifa zile.

Ajabu ni kwamba Dijkstra alikuwa amekwisha kuliwaza tatizo la namna hiyo. Katika makala ya mwaka 1974 aliuliza kama inawezekana kuunda kundi la vyombo ambalo, hata likikutwa katika fujo ya namna yoyote, litajirudisha lenyewe katika utaratibu mwema, bila msimamizi wa katikati. Akaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, mwanamke aitwaye Radia Perlman, alieleza jinsi ya kuzisambaza taarifa za viungo ili mtandao upone wenyewe mara kile chombo kibovu kinapoondolewa. Mawazo ya aina hiyo yaliingia katika kanuni zilizofuata.

Kanuni iliyo mashuhuri kati ya hizo hujulikana kwa herufi OSPF. Ilitangazwa mwaka 1989, na toleo lake linalotumika sana liliandikwa upya na John Moy mwaka 1998. Ndani yake namba za mfuatano hazizunguki kama saa, bali hupanda moja kwa moja kwa mamilioni. Kila taarifa ina umri wake: mwenyewe huirudia kila baada ya dakika 30, na ikifika dakika 60 bila kurudiwa hutupwa. Majirani husalimiana; kwa desturi ya mtandao wa ofisi salamu hutolewa kila sekunde 10, na jirani aliyenyamaza kwa sekunde 40 huhesabiwa kuwa ametoweka. Hapo taarifa hutolewa, ramani hurekebishwa, hesabu hufanywa upya, na ujumbe hupita njia nyingine.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya ruta peke yake, na swichi ilikuwa chombo cha kugawa ujumbe ndani ya nyumba tu. Swichi ya namna hiyo haijui kuchagua njia. Ikipewa waya mbili baina ya majengo mawili, hufunga mmoja ili ujumbe usizunguke bila mwisho, na waya huo hukaa bure mpaka mwenzake akatike. Tangu miaka ya 1990 zimeundwa swichi zenye uwezo wa ruta ndani yake. Baadhi yake hukubali njia za kudumu tu, ambazo fundi huziandika kwa mkono wake. Njia hizo hufaa mahali padogo. Lakini katika kambi au makao yenye majengo mengi, waya mmoja ukikatwa na trekta usiku wa manane, njia iliyoandikwa kwa mkono mara nyingi huendelea kuelekeza kwenye shimo mpaka fundi aamshwe. Swichi nyingine hufuata uelekezaji kwa hali ya viungo, nazo hutambua ajali na kuihama njia zenyewe. Tofauti hiyo haionekani kwa macho wakati wa kununua, kwa maana masanduku yote mawili hufanana. Huonekana siku ya shida.

Kuna tahadhari moja ambayo polisi wataielewa upesi. Kwa kuwa kila kituo huziamini taarifa za wenzake, mtu mbaya anayechomeka chombo chake katika mtandao aweza kutangaza uongo, akauvuta ujumbe wa wengine upite kwake. Ndiyo maana kanuni hiyo inaruhusu majirani kupeana neno la siri kabla ya kuaminiana. Mtandao ambao neno hilo halikuwekwa ni lango lisilo na mlinzi.

Tumrudie Dijkstra mwenyewe. Hakukaa akifurahia njia fupi. Mwaka 1960, yeye pamoja na mwenzake Jaap Zonneveld walikamilisha programu ya kuiwezesha mashine kuielewa lugha ya ALGOL 60, na inajulikana kwamba waliapa kutonyoa ndevu mpaka kazi iishe. Mwaka 1962 akawa profesa mjini Eindhoven. Huko, pamoja na kikundi kidogo, aliunda utaratibu wa kuiwezesha kompyuta moja kufanya kazi nyingi bila kazi hizo kugongana, akitumia alama aliyoiita semafo, kwa mfano wa ule mkono wa chuma wa reli unaoizuia gari moshi mpaka nyingine iliyotangulia iondoke. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Turing, iliyo heshima kubwa kuliko zote katika fani hiyo.

Alikuwa mtu mkali katika fikra. Kuijaribu programu mara mia na kuiona ikifaulu hakukumtosheleza, kwa maana kosa laweza kungoja mara ya mia na moja. Alitaka programu ithibitishwe kwa hoja, kama wanahisabati wathibitishavyo kanuni zao. Wengi walimwona mgumu, na baadhi ya wenye viwanda walisema madai yake hayawezekani. Naye hakuacha. Aliandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri, maandiko zaidi ya 1,300 aliyoyapa namba, akayatuma kwa marafiki nao wakayanakili na kuyapeleka kwa wengine. Hivyo mawazo yake nayo yalisambaa kutoka jirani hadi jirani.

Mwaka 1984 alihamia Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, Marekani, akafundisha huko mpaka alipostaafu mwaka 1999. Akarudi Uholanzi, na tarehe 6 Agosti, 2002, alifariki dunia kwa ugonjwa wa saratani nyumbani kwake Nuenen, akiwa na umri wa miaka 72. Mwaka huo huo ile makala yake ya 1974 ilikuwa imepewa tuzo na wataalamu wa vyombo vinavyofanya kazi kwa kushirikiana, na mwaka uliofuata tuzo yenyewe ikaitwa kwa jina lake.

Aliyeulizwa kazi yake akaambiwa haipo, leo kazi yake iko kila mahali. Ramani ya simu inayomwonyesha dereva njia, na swichi iliyofungwa katika kabati la ofisi, vina deni kwa dakika 20 za kijana yule mbele ya kikombe cha kahawa. Ila hesabu ile, kwa usahihi wake wote, haiwezi kuikosoa taarifa ya uongo. Huipokea na kuitumia kama ilivyoletwa. Mwaka 1980 mtandao mzima ulianguka kwa sababu ya taarifa moja iliyoharibika, wala njia fupi haikuuokoa. Askari aliye kwenye kituo cha mbali, anapotoa taarifa ya daraja lililo mbele yake, na aseme kile alichokiona kwa macho yake, aseme mapema, wala asiongeze alichokisikia. Ramani ya jeshi zima itachorwa kwa maneno hayo.